Usiseme ni uzee, huenda damu inavuja

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 74 aliletwa kwangu na mwanawe Jumamosi moja, nikikaribia kufunga kliniki. Walikuwa wametoka upande wa Mutomo, wilaya ya zamani ya Kitui, na kijana huyo ambaye hufanya kazi Nairobi alikuwa amefika nyumbani usiku uliotangulia. Alimkuta mamake hawezi kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji bila kuketi njiani.

"Daktari," akaniambia, "mama hana ugonjwa. Ni uzee tu. Tunataka umwandikie dawa ya kuongeza nguvu."

Mama mwenyewe hakusema neno. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama karatasi hii unayosoma, na moyo wake ulikuwa ukidunda kama wa mtu aliyetoka kupanda mlima. Nilimpima damu. Hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi mwilini, ilikuwa gramu 6.1 kwa kila desilita. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito hapaswi kuwa chini ya 12, na mwanamume chini ya 13. Mama huyu alikuwa amebakiwa na nusu.

Nikamwomba anionyeshe dawa zote anazotumia. Akavuta kiondo chake na kuzitoa moja baada ya nyingine. Kulikuwa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo alikuwa ameimeza kwa miaka 4 kwa sababu moyo wake hupiga bila mpangilio. Kulikuwa na aspirini ndogo, iliyotumwa na bintiye wa Nairobi "kusaidia moyo". Kulikuwa na diklofenaki, iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti, tembe mbili kwa siku tangu mavuno. Chini kabisa palikuwa na chupa ya dawa ya madini ya chuma iliyokwisha nusu, na unga wa mizizi uliofungwa kwa gazeti ambao hakuna aliyejua jina lake.

"Mwaitu," nikamuuliza, "choo chako kina rangi gani?"

Akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Nilielewa. Nikamtuma kijana nje akatafute maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa, mama akaniambia kwamba choo kimekuwa cheusi kama lami kwa miezi miwili, na kwamba hakuwa na wasiwasi kwa sababu aliyemuuzia ile dawa ya chuma alimwambia kwamba dawa hiyo hufanya choo kuwa cheusi.

Na kweli hufanya hivyo. Hapo ndipo penye mtego.

(Nimebadilisha mambo machache ili mama huyu asitambulike. Kile kiondo sikukibadilisha.)

Damu nyepesi na damu kidogo

Katika Kitui na Makueni, na sidhani ni huko tu, dawa hizi huitwa dawa za "kuyeyusha damu" au za "kufanya damu iwe nyepesi". Jina hilo limewapotosha wengi. Mzee akipimwa na kuambiwa damu yake imepungua, familia husema, "Bila shaka, si anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi?" Wanadhani dawa inaichuja damu, kama chai inavyoongezwa maji.

Msomaji, haya ni mambo mawili tofauti. Dawa hizi haziongezi maji katika damu wala haziui chembe nyekundu. Kazi yake ni kuchelewesha kuganda. Ukijikata, damu ambayo ingekauka kwa dakika chache inaendelea kutoka kwa muda mrefu zaidi. Basi hemoglobini ya mtu anayetumia dawa hizi ikishuka, karibu kila mara kuna mahali damu inapopita kutoka nje ya mishipa. Dawa haikutoboa tundu hilo. Imelizuia tu lisizibe.

Sisi madaktari tunatakiwa kulisaka tundu hilo. Kwa bahati mbaya mara nyingi hatulisaki. Tunaandika dawa ya madini ya chuma, tunamshauri mgonjwa ale maini, na tunamrudisha nyumbani. Nami nimewahi kufanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mzee mmoja mwenye hemoglobini ya 10 kwa dawa ya chuma pekee, bila kumuuliza anatumia dawa gani nyingine wala choo chake kikoje. Alirudi baada ya wiki 7 akiwa amebebwa. Alikuwa na uvimbe katika utumbo mpana, na uvimbe huo ulikuwa ukivuja tangu siku ile ya kwanza.

Vijiko viwili vya chai

Watu hudhani kwamba mtu anayepoteza damu lazima aione. Hebu tufanye hesabu ndogo. Kila mililita moja ya damu hubeba yapata nusu miligramu ya madini ya chuma. Mwili wa mtu mzima, hata akila vizuri, hufyonza miligramu moja au mbili tu za madini hayo kutoka kwa chakula cha siku nzima. Sasa chukua mtu anayevuja mililita 10 kwa siku, yaani vijiko viwili vya chai. Anapoteza miligramu 5 na kupata 2. Akiba aliyo nayo mwilini itamshikilia kwa miezi, kisha itakwisha.

Vijiko viwili hivyo havitabadilisha rangi ya choo. Ili choo kiwe cheusi, damu inayomwagika tumboni inapaswa kufika kama mililita 50 hadi 100, yaani karibu nusu kikombe cha chai. Kwa hiyo mzee anaweza kufikia hatua ya kuzimia bila yeye wala jamaa zake kuona hata tone moja.

Kwa kuwa hupungua polepole, mwili nao huzoea polepole. Mzee anaacha kwenda kanisani kwa sababu "kanisa limekuwa mbali". Anaacha kuteka maji. Anaanza kulala mchana. Miguu inavimba kidogo jioni. Kila moja ya dalili hizi ina maelezo yake ya kawaida, na sisi sote tunayakubali, hasa sisi tunaoishi mjini na kumwona mzazi Pasaka na Krismasi pekee.

Usitegemee kufunua kope na kutazama wekundu wa jicho. Hata mimi hufanya hivyo, lakini hunisaidia tu damu inapokuwa imepungua sana. Kipimo cha damu kamili ni cha bei nafuu na hufanywa katika hospitali nyingi. Ukishapata nambari, usitazame tu kama iko juu au chini ya mpaka. Itazame pamoja na nambari ya awali. Mzee aliyekuwa na 15 mwaka jana na sasa ana 13 ataambiwa yuko sawa, kwa kuwa hajavuka mpaka. Hayuko sawa. Amepoteza gramu 2, na katika utafiti wa dawa hizi kushuka kwa gramu 2 pamoja na dalili za kuvuja huhesabiwa kuwa ni kuvuja kukubwa. Ndiyo maana ninawaomba watu watunze karatasi za maabara kama wanavyotunza hati za shamba.

Ukungu wa nyasi na ukungu wa mahindi

Warfarini ina historia ambayo mtu wa Ukambani ataielewa upesi kuliko wengine.

Miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakifa kwa kuvuja damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa, majeraha ambayo hayakustahili kuua ndama. Iligunduliwa kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa nyasi za aina fulani zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu na kuota ukungu. Mnamo 1933 mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin alisafiri katikati ya dhoruba ya theluji hadi chuo kikuu cha jimbo hilo, akiwa na ng'ombe aliyekufa na mkebe wa damu iliyokataa kuganda. Aliyempokea alikuwa mkemia Karl Paul Link. Ilimchukua Link na wenzake miaka kadhaa kutenga sumu iliyokuwa ndani ya nyasi hizo. Kutokana na sumu hiyo walitengeneza nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Hiyo ndiyo warfarini. Mwaka 1954 iliidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya kupata mshtuko wa moyo.

Ndiyo, ni sumu ya panya. Wagonjwa wengine huambiwa hivyo na majirani na kuitupa chooni. Lakini dawa na sumu hutofautiana kwa kipimo, na hiki ni kipimo kinachohitaji kuchungwa kuliko vingi.

Sisi nasi tuna ukungu wetu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika mkasa wa mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Aflatoksini si ndugu ya warfarini. Yenyewe huharibu ini. Lakini ini ndilo kiwanda cha protini zinazogandisha damu, na mtu ambaye ini lake limeumia halafu anatumia warfarini ana milango miwili iliyo wazi. Gunia la mahindi likiota ukungu, lisiwe ndilo linalopelekewa mzee kwa sababu "yeye hula kidogo".

Kunde za mvua, njaa ya kiangazi

Warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini hizo. Vitamini K imejaa katika mboga za majani: kunde, mchicha, sukuma wiki, majani ya maboga. Mgonjwa akila mboga nyingi kuliko kawaida, dawa hupungua nguvu. Akiacha kuzila, dawa huzidi nguvu. Kiasi cha nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa wengi tunataka kiwe kati ya 2 na 3. Wenye vali za bandia za moyo huenda wakahitaji juu kidogo. Kikifika 5 au 6, kuvuja kumekaribia.

Huko mijini daktari humwambia mgonjwa, "Usile mboga nyingi." Kwangu mimi huu ni ushauri mbaya. Ukimnyima mama wa Ikutha kunde umemnyima chakula. Ninachomwambia ni ale kiasi kilekile kila wiki.

Lakini ni rahisi kusema kuliko kutenda, kwa maana mboga za Ukambani hufuata mawingu. Mvua ya Novemba ikishika, kila jiko lina majani ya kunde, asubuhi na jioni. Ifikapo Agosti na Septemba, mabua yamekauka na mzee anakula muthokoi mtupu, au hata mlo mmoja kwa siku. Tembe ni zilezile. Chakula kilichokuwa kikizipunguza makali kimeondoka. Kwa hiyo mimi huwaita wagonjwa wangu wa warfarini kupimwa INR mara mbili zaidi kwa mwaka, bila kujali kalenda ya kliniki inasema nini: mboga zinapoanza kujaa na mboga zinapokwisha. Baadhi ya jamaa zao hucheka wakisikia daktari akiuliza kama mvua imenyesha kwao.

Mzee akiacha kula kwa siku mbili tatu kwa sababu ya homa au kuhara, hesabu ni hiyohiyo. Na akinunua dawa za viuavijasumu, mambo huzidi. Flagyl na Septrin, ambazo huuzwa kama peremende katika vituo vya magari, huipandisha nguvu ya warfarini kwa siku chache tu. Dawa za ukungu za kumeza hufanya vivyo hivyo.

Magoti na moyo

Kama ningeruhusiwa kuondoa kitu kimoja katika viondo vyote vya wazee wa Kitui na Makueni, ningeondoa dawa za magoti. Diklofenaki, ibuprofeni (wengi huijua kama Brufen), indometasini na nduguze hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Tumbo hupata kidonda, na mara nyingi kidonda hicho hakiumi, kwa sababu dawa inayokisababisha ni ya kutuliza maumivu. Ongeza warfarini juu yake na kidonda hakizibiki. Hatari ni hiyohiyo kwa dawa mpya kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Sindano ya diklofenaki nayo ni diklofenaki. Kupitia matakoni hakuliokoi tumbo.

Kwa maumivu, parasetamoli ni afadhali, kwa kipimo cha kawaida. Lakini ikitumiwa kila siku kwa wiki nzima pamoja na warfarini, mwambie daktari apime INR. Dawa ya kupaka gotini, fimbo nzuri ya kutembelea na mazoezi ya mapaja husaidia kuliko watu wanavyoamini.

Sasa nije kwa aspirini ndogo, na hapa ninazungumza nawe moja kwa moja, wewe unayeishi Nairobi, Mombasa au Nakuru. Ulisikia mahali kwamba aspirini ndogo hulinda moyo, ukamnunulia mzazi pakiti tatu na kuzituma kwa matatu. Nia yako ilikuwa njema. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa matokeo kutoka Australia na Marekani, ya watu zaidi ya 19,000 waliokuwa na afya nzuri, wengi wao wakiwa wamefikisha miaka 70. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 100 kila siku na nusu tembe bandia. Waliomeza aspirini walipata upungufu wa damu kwa kiwango cha asilimia 20 zaidi ya wenzao. Hao hawakuwa na dawa nyingine ya kuzuia kuganda. Mzazi wako anayetumia warfarini na aspirini kwa pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi.

Kuna wanaozihitaji zote mbili, kwa mfano aliyewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo hivi karibuni, au baadhi ya wenye vali za bandia. Hilo ni uamuzi wa daktari wa moyo, na huwa na tarehe ya mwisho. Uliza tarehe hiyo. Nimewaona watu walioambiwa miezi 6 wakaendelea miaka 6 kwa sababu hakuna aliyeandika siku ya kuacha.

Usiitupe dawa

Ukisoma hadi hapa huenda unataka kupiga simu nyumbani na kusema, "Mama, acha hiyo dawa leo." Tafadhali usifanye hivyo.

Mzee mmoja wa upande wa Kathonzweni, Makueni, mwalimu mstaafu, alitokwa na damu puani usiku kucha. Watoto wake walikutana, wakakubaliana kwamba warfarini ndiyo adui, wakaizika. Pua ikapona. Wiki tatu baadaye aliamka akiwa hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia. Donge la damu lilikuwa limeundwa ndani ya moyo wake unaopiga ovyo, likapanda hadi kwenye ubongo. Mkono huo ndio uliokuwa umeandika ubaoni kwa miaka 30 na zaidi.

Mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio ana hatari ya kupata kiharusi mara tano ya mwenziwe. Warfarini ikitumiwa vyema huondoa karibu theluthi mbili ya hatari hiyo. Mwenye vali ya chuma moyoni akiacha dawa, vali yenyewe inaweza kukwama. Ni hesabu ngumu kati ya kuvuja na kuganda, na haifai kufanywa kwa simu na watoto walioogopa.

Wengine huniuliza kama ni heri kuhamia dawa mpya ambazo hazihitaji INR wala kuhesabu kunde. Kwa wengi ni kweli, ingawa bei ni mzigo. Lakini hazimfai kila mtu. Wenye vali za chuma hawaruhusiwi kuzitumia. Wenye vali zilizoharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao bado tunauona sana hapa, waliangaliwa katika utafiti mkubwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini uliochapishwa mwaka 2022, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500. Waliobaki na dawa za kundi la warfarini waliishi zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, na hawakuvuja damu zaidi. Dawa ya zamani haijazeeka kwa kila jambo.

Dawa mpya pia hutolewa na figo, dabigatrani hasa. Figo zikichoka, dawa hujaa mwilini. Na figo hizohizo ndizo zinazotuma amri ya kutengeneza chembe nyekundu, kwa hiyo zikichoka hemoglobini nayo hushuka hata pasipo kuvuja. Ndiyo sababu kipimo cha figo hakiwezi kukosa kwa mzee mwenye damu kidogo.

Ukimpeleka mzazi hospitalini

Beba kiondo chote, si orodha. Beba na karatasi za zamani. Mtu anayetumia dawa hizi akipungukiwa na damu, daktari anapaswa kutaka kujua umbo la chembe nyekundu na akiba ya madini ya chuma, INR kama ni warfarini, hali ya figo na ini, na kama kuna damu iliyojificha chooni au kwenye mkojo. Kisha, mara nyingi, kuna mrija wenye kamera wa kutazama tumbo au utumbo mpana. Huenda ukalazimika kufika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, au hata Nairobi. Piga simu kwanza uulize kama vifaa vya INR vipo, kwa maana safari ya kilomita 70 kwa ajili ya mashine isiyo na kemikali humchosha mzee bure. Usikatae kipimo cha mrija kwa sababu "tumeshajua ni dawa". Uvimbe wa mzee wangu wa kwanza ungeonekana mapema kama ningeutafuta.

Kuhusu rangi ya choo: dawa ya chuma hukifanya kiwe cheusi au kijani iliyokolea, lakini hubaki kigumu cha kawaida. Choo cha damu hung'aa, hunata na huwa na harufu kali isiyosahaulika. Kama huna hakika, chukulia ni damu. Na usimuulize mama jambo hilo mbele ya mwanawe wa kiume. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa ya kuuliza maswali hayo akacheka na bibi yake, na ndiye anayejibiwa ukweli.

Yapo ya kukimbiza hospitalini bila kusubiri mapambazuko: choo cha lami pamoja na kizunguzungu, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, na kuanguka na kugonga kichwa hata kama anasema hajaumia. Damu ya ndani ya fuvu huweza kuchukua siku nzima kabla ya kujionyesha.

Madini ya chuma yana nafasi yake baada ya tundu kupatikana. Tembe moja kwa siku, hata moja kila baada ya siku moja, hufyonzwa vyema na kuudhi tumbo kidogo kuliko tatu kwa siku. Isimezwe na chai, kwa sababu chai huizuia. Imezwe na maji na chungwa, na Makueni haina upungufu wa machungwa. Maji ya biti ni mazuri, lakini hayazibi kidonda.

Mama wa Mutomo alilazwa. INR yake ilikuwa 5.8. Alipewa vitamini K na kuongezwa painti mbili za damu, moja ikitolewa na mwanawe yule. Kamera ilionyesha kidonda tumboni, cha upana wa shilingi. Diklofenaki na aspirini zikaondolewa, akapewa dawa ya kutibu kidonda, na baada ya wiki mbili akarudishiwa warfarini kwa kipimo kidogo kuliko cha awali. Mjukuu wake wa darasa la saba sasa ndiye karani: ana daftari lenye safu tatu, tarehe, INR na damu. Nambari ya mwisho niliyoiona humo ilikuwa 11.4. Siku hiyo mama alitembea mwenyewe kutoka kituo cha magari, akaketi, akaweka kiondo mezani kabla sijamwomba, akaniambia kwamba magoti bado yanamuuma na kwamba jirani yake ana dawa nzuri sana ya rangi ya waridi.